Amri Moja, Majina Elfu: Masjala, Kompyuta na Kumbukumbu ya Umma

Mtumishi wa umma aliyewahi kupangiwa kazi masjala anafahamu kuwa jalada la serikali halibadilishwi jina kimyakimya. Jalada lina namba ya kumbukumbu na kichwa cha habari, na ndani yake kila barua ina namba ya folio. Likijaa, hufungwa na kufunguliwa jingine la kuliendeleza. Likipewa namba mpya, juu ya kasha lake huandikwa jalada lililotangulia ni lipi na linalofuata ni lipi. Utaratibu huu tuliurithi kutoka kwa utawala wa Kiingereza, ambao haukuujenga kwa kutuonea huruma. Uliujenga ili afisa anayehamishwa amwachie mwenzake kazi inayoweza kufuatiliwa. Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na hekima ambayo hatuna sababu ya kuitupa: jina la kumbukumbu linaweza kubadilika, lakini badiliko lenyewe ni sehemu ya kumbukumbu.

Leo majalada hayo yanageuzwa kuwa mafaili ya kompyuta. Ofisi zinaskani, vyuo vinaskani, na mashirika ya haki za raia yanakusanya picha, sauti na video. Mafaili yakifika elfu kumi, hakuna mwenye subira ya kuyapa majina moja baada ya jingine. Anaitwa kijana wa TEHAMA, anafungua dirisha la amri, anaandika skripti ya mistari miwili, na kabla hajainua kikombe cha chai majina yote elfu kumi yamekuwa mapya. Jambo hili huchukuliwa kuwa la kiufundi tu. Mimi nalisoma kama suala la utawala, na katika makala haya nataka kueleza historia ya uwezo huo: umetoka wapi, unafuta nini, na kwa nini raia anapaswa kujali.

Tuanze mwaka 1969, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani. Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wanaanza kujenga mfumo endeshi ambao baadaye uliitwa Unix, na ambao mawazo yake yamo leo katika seva nyingi za intaneti na katika simu nyingi tunazobeba mfukoni. Miongoni mwa maamuzi yao lilikuwapo moja lenye matokeo makubwa kwa mada yetu. Waliamua kwamba maudhui ya faili, mmiliki wake, ruhusa zake na tarehe zake vitunzwe mahali pamoja chini ya namba, na jina litunzwe mahali pengine kabisa, yaani katika folda. Folda katika Unix ni orodha tu ya jozi: jina hili, namba ile. Ukibadilisha jina, maudhui hayaguswi, wala tarehe ya kuhaririwa haibadiliki. Kwa lugha nyepesi, faili halijui jina lake. Jina ni kibandiko kilichobandikwa nje na mtu mwingine.

Hapo ndipo kompyuta ilipoachana na masjala. Jalada la karatasi limeandikwa jina lake juu ya kasha. Ukilikwangua, mkwaruzo unabaki. Faili la kompyuta likipewa jina jipya, mfumo wa kawaida hauweki mkwaruzo wowote. Jina la zamani halifutwi kwa kalamu. Linakuwa kama halijawahi kuwapo.

Uwezo wa kubadilisha majina mengi kwa pamoja ulikuja hatua kwa hatua. Tangu matoleo ya mwanzo kabisa, Unix ilimruhusu mtumiaji kuandika alama ya nyota kumaanisha herufi zozote, ili amri moja ishughulikie mafaili mengi. Kutoka upande wa hisabati kulikuja kitu chenye nguvu zaidi. Katika miaka ya 1950 mwanahisabati Mmarekani Stephen Kleene alibuni namna ya kueleza kwa alama chache kundi zima la maneno yenye umbo fulani. Mwaka 1968 Thompson alichapisha njia ya kuifanya kompyuta itafute maneno kwa kufuata ruwaza za aina hiyo. Kuanzia hapo mtu aliweza kuiambia mashine: tafuta kila jina lenye tarakimu nne zinazofuatwa na kistari, ondoa kistari, na tarakimu uzipeleke mwisho. Mwaka 1987 Larry Wall alitoa lugha ya Perl, iliyojengwa kwa ajili ya kuchakata maandishi, na kutoka kwake ikapatikana skripti ndogo iitwayo rename: unaipa kanuni ya mabadiliko, nayo inaipitisha juu ya majina yote unayoyataja.

Kuna kichekesho katika historia ya skripti hiyo. Ipo programu nyingine, iliyoandikwa tofauti na inayofuata sarufi tofauti ya amri, ambayo nayo inaitwa rename. Katika baadhi ya matoleo ya Linux ukiandika neno hilo unapata ya Perl; katika mengine unapata ile ya pili. Chombo cha kubadilishia majina kimeshindwa kuwa na jina lake peke yake. Mwanafunzi anayenakili amri kutoka mtandaoni bila kujua yuko upande gani anaweza kupata matokeo ambayo hakuyatarajia.

Katika kompyuta za mezani hali ilikuwa ya ufinyu zaidi. Mfumo wa MS-DOS, uliotoka mwaka 1981, uliruhusu jina la herufi zisizozidi 8, nukta, kisha herufi 3 za kuonyesha aina. Ofisi zilizoanza kutumia kompyuta katika zama hizo zililazimika kufinya majina ya watu, ya wilaya na ya miradi ndani ya herufi nane, na mkato aliouelewa karani mmoja mara nyingi haukueleweka kwa karani aliyemfuata. Windows 95 ilipoleta majina marefu ya hadi herufi 255, ilibidi iendelee kutengeneza kwa siri jina fupi la kila faili kwa ajili ya programu za zamani, lenye herufi sita za mwanzo, alama ya wimbi na tarakimu. Faili likawa na majina mawili, moja la kuonyeshwa na moja la kufichwa.

Lakini jambo la MS-DOS linalonivutia zaidi ni namna ilivyofuta. Ukiamuru faili lifutwe, mfumo ule haukugusa maudhui. Ulibadilisha herufi ya kwanza ya jina na kuweka alama maalumu yenye maana kwamba nafasi hii sasa ni huru. Faili lililofutwa lilikuwa faili lililopokonywa herufi moja. Ndiyo maana chombo cha kurejesha mafaili kilichokuja na toleo la 5 mwaka 1991 kilimwomba mtumiaji aitaje herufi hiyo ya kwanza. Aliyeikumbuka, na aliyewahi kabla nafasi haijaandikiwa juu, aliweza kulipata faili lake. Mpaka kati ya kubadilisha jina na kufuta, basi, ulikuwa mwembamba tangu zamani.

Hitaji kubwa la kubadilisha majina kwa wingi lilikuja na kamera za dijitali. Mwaka 1998 watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki nchini Japani walikubaliana kanuni ya namna kamera zitakavyoyaita mafaili: herufi nne, kisha tarakimu nne kuanzia 0001 hadi 9999. Kanuni hiyo ndiyo iliyotuletea majina kama IMG_0412 na DSC_0412. Baada ya picha 9999 hesabu huanza upya. Kamera mbili za aina moja, zilizopelekwa na shirika moja katika wilaya mbili, zitaleta picha mbili tofauti zenye jina moja. Kisha ukaja WhatsApp, ambao katika simu za Android huipa picha jina lenye tarehe na namba ya mfululizo. Wengi huisoma tarehe hiyo kama siku picha ilipopigwa. Sivyo ilivyo lazima. Ni siku picha ilipopita katika programu hiyo, na taarifa za ndani zilizowekwa na kamera huwa zimeondolewa njiani.

Simlaumu, basi, anayeandika skripti. Kazi yake ni ya haki. Mimi hupokea tasnifu za wanafunzi zikiitwa MWISHO, kisha MWISHO_KABISA, kisha MWISHO_KWELI_2, na ningefurahi kila moja ingekuwa na namba ya usajili na tarehe. Folda ya picha 3,000 zilizopewa majina na mashine haimsaidii mtafiti wala wakili. Ninachohoji ni utaratibu wa mabadiliko hayo, na hapa zipo hatari mbili ambazo hazina uzito sawa.

Hatari ya kwanza inajulikana na wataalamu: mgongano wa majina. Skripti ikiyapa mafaili mawili jina moja, amri ya kawaida ya Unix, mv, hulipokea la pili na kulipoteza la kwanza bila kuuliza. Mwaka 1983 toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilileta utaratibu wa ndani uliohakikisha kuwa badiliko la jina halikatiki katikati, hata umeme ukizimika. Ulikuwa ufanisi wa kweli wa kiuhandisi. Lakini utaratibu huohuo, ukikuta jina jipya tayari lina mwenyewe, humwondoa mwenyewe na kuketi mahali pake. Barua mbili za tarehe moja kutoka ofisi moja zinabaki barua moja, na folda inaonekana safi.

Hatari ya pili huzungumzwa kwa nadra, nayo kwangu ndiyo kubwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanaharakati amepiga picha katika mkutano wa wanakijiji kuhusu ardhi. Katika folda kuna IMG_0412, IMG_0413, IMG_0417 na IMG_0418. Mtu mwenye macho ataona mara moja kuwa namba tatu hazipo, na atauliza: zile picha tatu ziko wapi? Huenda zilikuwa na ukungu zikafutwa. Huenda zilionyesha uso wa mtu ambaye hakutaka kuonekana. Swali lipo, na jibu linaweza kutafutwa. Sasa ipitishwe skripti inayoyaita mafaili hayo mkutano_001, mkutano_002, mkutano_003 na mkutano_004. Mfululizo umekamilika. Pengo limezibwa, na pamoja na pengo limezikwa swali. Hakuna aliyesema uongo. Kilichofanyika ni kupanga vizuri tu.

Msomaji anaweza kudhani ninakuza mambo. Historia yetu ya Afrika Mashariki inaonyesha kuwa wenye madaraka waliijua thamani ya pengo zamani sana. Uingereza ilipokuwa inajiandaa kuondoka katika makoloni yake, maelekezo ya mwaka 1961 yaliwataka maafisa wasiwaachie warithi wao nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali ya malkia. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa. Mahali ambapo waraka ulitolewa ndani ya mfululizo, maafisa walielekezwa waweke jalada pacha mahali pake, ili mfululizo uonekane mzima. Walielewa kuwa waraka uliokosekana hauna hatari iwapo hakuna anayejua kuwa umekosekana. Ilichukua hadi mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walioteswa enzi za Mau Mau walipokuwa mahakamani London, kwa serikali ya Uingereza kukiri kwamba ilikuwa imehifadhi huko Hanslope Park takribani mafaili 8,800 kutoka makoloni 37. Juni 2013 ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Sisemi kwamba kijana wa TEHAMA ni afisa wa kikoloni. Yule alificha kwa makusudi, na huyu anaweza kuficha bila kukusudia. Lakini mtafiti atakayekuja baadaye atakutana na ukimya uleule.

Wataalamu wa nyaraka walikwisha kuliona tatizo hili kabla ya kompyuta. Mwaka 1841 Ufaransa ilitoa mwongozo kwamba nyaraka zilizotoka katika chombo kimoja zitunzwe pamoja, zisichanganywe na za chombo kingine kwa sababu tu zinazungumzia mada moja. Mwaka 1881 hifadhi ya nyaraka ya Prussia iliongeza kwamba mpangilio na alama zilizowekwa na ofisi iliyozizaa nyaraka ziheshimiwe. Sababu ni kwamba mpangilio wenyewe hueleza jinsi ofisi ilivyofikiri. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa hapa Tanzania, kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zinatambuliwa kwa herufi G, na kwa miongo kadhaa watafiti wamekuwa wakizitaja hivyo katika tanbihi zao. Nakala zake za kidijitali zikipewa kesho majina mapya yanayopendeza, bila orodha ya kuunganisha jina jipya na alama ya zamani, tanbihi za kizazi kizima zitakuwa anwani za nyumba zisizopatikana.

Je, tusibadilishe majina kamwe? La. Upo mfano mzuri wa kubadilisha, na chanzo chake ni programu ya kompyuta. Baadhi ya jeni za binadamu zilikuwa na vifupisho kama SEPT1 na MARCH1. Watafiti walipoviingiza katika Excel, programu ilidhani ni tarehe na kuvigeuza kuwa siku ya kwanza ya Septemba au ya Machi. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takribani moja ya tano ya makala za jenetiki zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni ilitangaza kuwa katika muda wa mwaka mmoja imebadilisha majina 27. SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Tunaweza kusikitika kwamba sayansi ilimpisha mtengenezaji wa programu. Lakini tazama namna walivyofanya: walitangaza hadharani, walitoa sababu, na jina la zamani limebaki katika kumbukumbu ya kila jeni, ili anayesoma makala ya mwaka 2005 ajue ni jeni ipi inayozungumziwa.

Nasi tuna mfano wetu. Tarehe 26 Aprili 1964 iliundwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mwezi Oktoba mwaka huohuo likatangazwa jina Tanzania. Nyaraka za miezi ile ya katikati zimebaki na jina refu la wakati wake. Mwanahistoria anayeishika karatasi yenye jina hilo anaweza kukisia iliandikwa lini, hata kama tarehe imechanika. Jina la zamani linaendelea kufanya kazi ya ushahidi.

Suala hili pia lina uso wa kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Wakili wa upande wa pili akiuliza picha hii iliitwaje ilipotoka kwenye kamera, nani aliibadilisha jina, lini, na kwa kanuni gani, jibu la "tulipanga folda" halitoshi.

Wapo watakaosema kuwa mifumo ya kisasa ya kutunza nyaraka huandika yenyewe kila badiliko. Ni kweli kwa baadhi ya mifumo. Lakini kumbukumbu nyingi za nchi hii hazijafika huko. Zipo katika flashi, katika kompyuta ya katibu muhtasi, katika simu ya mratibu wa mradi. Huko hakuna daftari lolote, isipokuwa tulianzishe sisi.

Na kulianzisha si kazi kubwa. Kabla ya skripti kuguswa, mafaili asilia yanakiliwa mahali ambapo hayataguswa. Kila faili linakokotolewa namba yake ya utambulisho kutokana na maudhui, kwa mfano kwa kanuni ya SHA-256. Namba hiyo haibadiliki jina linapobadilika, ila hubadilika ikiwa hata herufi moja ya ndani imeguswa. Skripti inafanyiwa jaribio linaloonyesha majina yatakavyokuwa bila kuyabadilisha. Amri inakatazwa kuandika juu ya faili lililopo. Namba ya asili inabakizwa ndani ya jina jipya, na tarehe inaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe. Mstari mmoja unatosha:

for f in IMG_*.JPG; do mv -n "$f" "2019-03-14_mkutano_$f"; done

Hapo IMG_0413 itaitwa 2019-03-14_mkutano_IMG_0413, na pengo la kabla ya 0417 litabaki likionekana na kila mtu. Mwisho, jedwali linahifadhiwa pamoja na mafaili: jina la zamani, jina jipya, namba ya utambulisho, tarehe ya badiliko na aliyelifanya. Skripti yenyewe ihifadhiwe pia, kwa kuwa ndiyo kanuni iliyotumika.

Kwa wanafunzi wangu, wanaharakati na ndugu zangu watumishi wa umma, ombi langu ni moja. Mkikabidhiwa folda iliyopangwa vizuri, yenye majina yanayofuatana bila kasoro, msiishie kuisifu. Ulizeni daftari la majina ya zamani liko wapi. Likiletwa, mshukuruni aliyelitunza. Lisipoletwa, andikeni ndani ya folda hiyo, kwa tarehe na saini, kwamba liliulizwa na halikupatikana. Angalau pengo hilo lionekane.